Bustani ya Teresa: Sala ya Taamuli Ndani ya Ugo wa Watawa

Mtawa anayejulikana na wengi katika nchi zetu ni yule afanyaye kazi machoni pa watu: sista wa zahanati anayewapima watoto uzito, sista wa shule ambaye wanafunzi huzima kelele waisikiapo sauti ya viatu vyake, sista wa kituo cha yatima anayebishana na mwenye lori juu ya bei ya mahindi. Huyo hahitaji kuelezwa. Lakini yuko mtawa mwingine ambaye habari zake husikika kwa mbali tu, kwamba aliingia utawani akali msichana, mlango ukafungwa nyuma yake, na tangu siku hiyo jamaa zake humwona kwa nadra, nyuma ya kimia cha chuma katika chumba cha wageni. Juu ya huyo fikira za watu zimegawanyika, maana wengine humdhania mvivu aliyekimbia taabu za ndoa na jembe, na wengine humdhania malaika aliyekwisha fika mwisho wa safari, ambaye hupiga magoti alfajiri akajawa na nuru mpaka jioni. Makundi yote mawili yamekosea, na aliyeandika kwa uwazi mkubwa zaidi jinsi walivyokosea ni mwanamke wa Uhispania wa karne ya 16, Teresa wa Ávila, aliyeishi utawani takriban miaka 47 na kuacha maandishi ya mambo yaliyompata humo, mema na mabaya, bila ya kujipamba.

Alizaliwa tarehe 28 Machi 1515 katika mji wa Ávila, mji wenye kuta za mawe juu ya uwanda wa Castilla, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, ambako baridi ni kali wakati wa kipupwe na maji ni haba wakati wa kiangazi. Na uhaba huo wa maji msomaji aukumbuke, kwani utatufaa mbele. Babu yake, mfanyabiashara wa Toledo, alikuwa Myahudi aliyebatizwa, na mwaka 1485 yeye na watoto wake waliadhirishwa hadharani na mahakama ya dini iliyowasaka wazushi, hata ukoo ukahamia Ávila kuianza sifa yake upya. Mwaka 1535 Teresa alitoka nyumbani kwa siri, bila ya ridhaa ya baba yake, akaingia katika monasteri ya Wakarmeli iitwayo Encarnación, nje ya kuta za mji.

Monasteri hiyo haikuwa nyumba ya uovu, wala yeye hakuiita hivyo. Ilikuwa nyumba iliyojaa kupita kiasi. Zama hizo binti ambaye hakupata mume wa kumfaa alipelekwa utawani na mahari yake, na ulimwengu ukamfuata mpaka ndani: mabinti wa wenye mali walikuwa na vyumba vyao na watumishi wao, wakiitwa kwa vyeo vya ukoo, na mabinti wa maskini wakilala pamoja katika bweni. Kuna wakati watawa walifika kama 180, chakula kisiwatoshe, ikawa wakuu wanaona nafuu kuwaruhusu wengine wakakae kwa jamaa na marafiki miezi na miezi. Chumba cha wageni hakikukosa watu. Teresa alikuwa mcheshi, mwenye ulimi mtamu, na mji mzima ukapenda kuja kuzungumza naye. Saa zilizotengwa kwa Mungu zikaliwa na mazungumzo ambayo, kwa kukiri kwake, hayakuwa dhambi kubwa wala hayakuwa na faida.

Kabla hajatimiza miaka mitatu utawani aliugua ugonjwa ambao matabibu hawakuutambua. Akiwa njiani kupelekwa kwa mganga mwanamke wa kijiji cha Becedas, alipita kwa ami yake, naye akampa kitabu juu ya sala kilichoandikwa na Mfransisko mmoja, Francisco de Osuna. Dawa za mganga zilimzidishia maradhi. Mnamo Agosti 1539 alizimia siku nne hivi, kaburi likachimbwa, na alipozinduka aliukuta mwili umepooza, akakaa katika hali hiyo karibu miaka mitatu. Kitabu cha Osuna, hata hivyo, hakukiacha.

Sala iliyofundishwa na kitabu hicho haikuwa ya kutamka bali ya moyo. Mkristo aghalabu husali kwa maneno aliyorithi: Baba Yetu, Salamu Maria, na Zaburi ambazo watawa huzisali kwa vipindi kuanzia alfajiri mpaka usiku, na sala hizo Teresa hakuzidharau hata siku moja. Baada ya hizo iko tafakari, ambapo mtu huchukua jambo moja, tuseme Yesu katika bustani ya Gethsemane usiku wa kukamatwa kwake, akalizungusha akilini, akalilinganisha na mwenendo wake, kisha akatoka na azimio. Taamuli ni hali nyingine. Hapo akili hupunguza mwendo, maneno huwa machache au hukoma kabisa, na kinachobaki ni mtu kukaa mbele ya Mungu akimtazama na kujua kwamba anatazamwa. Tafakari mtu huweza kuifanya kwa juhudi yake mwenyewe. Taamuli, kwa mafundisho ya Kanisa, hupewa, na juhudi ya mja ni kujiweka mahali ambapo anaweza kupewa. Teresa mwenyewe hakupenda maelezo marefu juu ya hayo. Alisema kwamba jambo lote ni urafiki, na urafiki hautimii kama wawili hawaonani mara kwa mara faraghani.

Urafiki huo haukumjia kwa wepesi. Akili yake haikuweza kujichorea picha za matukio ya Injili kama walimu wa wakati ule walivyotaka, na kwa muda wa miaka 18 hakuthubutu kwenda kusali bila ya kitabu mkononi, si kwamba alikisoma sana, bali alikihitaji karibu yake kama ngao. Mara nyingine kutazama maua, shamba au maji kulimsaidia zaidi kuliko kitabu. Aliandika kwamba siku nyingi, miaka na miaka, alishughulika zaidi kusikiliza saa igonge ili kipindi kiishe kuliko kukaa pale kwa mapenzi, na kwamba hakuna kitubio kizito ambacho asingekipokea kwa furaha zaidi kuliko kujikusanya asali. Nadhani maungamo haya yamewafariji watawa wengi kuliko habari za maono yake, nayo huyapata msomaji mapema, kabla ya maono yenyewe.

Kisha akaacha. Kwa zaidi ya mwaka mmoja hakusali sala ya moyo hata kidogo, na sababu aliyojipa ilikuwa nzuri kwa sura: kwamba mtu mwenye mwenendo kama wake hana haki ya kujifanya rafiki wa Mungu, ni heri afuate umma kwa sala za mdomo. Baadaye alilihesabu wazo hilo kuwa mtego mbaya kuliko yote iliyompata, kwa kuwa lilivaa joho la unyenyekevu. Baba yake alipofariki mwaka 1543, Mdominiko aliyekuwa muungamishi wa marehemu alimwambia arudi kwenye sala, na asiiache tena kwa hali yoyote. Akarudi, ingawa kwa miaka kumi na zaidi aliendelea kuvutwa huku na huku, mpaka siku moja mwaka 1554, alipoona katika kikanisa sanamu ya Kristo mwenye majeraha iliyokuwa imeletwa kwa ajili ya sikukuu, akaanguka mbele yake na kulia, akisema hataondoka hapo mpaka apate alichoomba. Alikuwa na umri wa miaka 39.

Ndipo ifuatapo ile bustani. Waungamishi wake, wakitaka kupima kama hali zake zimetoka kwa Mungu au kwa shetani, walimwamuru aandike maisha yake, na katika kitabu hicho, alipofika mahali pa kueleza jinsi sala inavyokua, alitumia mfano ambao kila mtu wa Castilla aliuelewa kwa koo lake. Roho ni kiwanja kibovu chenye magugu mengi. Mwenyewe Bwana hung'oa magugu na kupanda miche. Kazi ya mtu ni kumwagilia, ili Bwana akipita apumzike na kufurahia maua. Na maji, alisema, huja kwa njia nne.

Njia ya kwanza ni kuteka kisimani kwa ndoo na kamba. Hiyo ndiyo kazi ya anayeanza: kukusanya macho na masikio yaliyozoea kutangatanga, kutafakari kwa jasho, mikono ikiuma na maji yakitoka machache, na ziko siku ambazo ndoo hushuka na kupanda tupu, kwani kisima kimekauka. Teresa hakumficha mwanafunzi wake jambo hilo wala hakumpa dawa ya kuliondoa. Alimwambia mtunza bustani ashuke vilevile na ndoo yake kesho, kwa sababu yumo katika shamba la Bwana wake na wala si lake, na Bwana aweza kuyahifadhi maua bila ya maji kama apendavyo. Njia ya pili ni gurudumu lenye vindoo, mtambo ulioenezwa katika Uhispania na Waislamu walioitawala Andalusi: mtu huzungusha mpini, maji hupanda mengi na taabu ni ndogo, mara kwa mara akapata nafasi ya kupumzika. Hapa nia ya mtu imeshikwa na utulivu ambao hakuutengeneza, ingawa kumbukumbu na akili bado huweza kurukaruka, na shauri la Teresa ni kutozifukuzia. Njia ya tatu ni kijito kinachopita bustanini. Kilichobaki kwa mtunzaji ni kuyaelekeza maji tu. Njia ya nne ni mvua, ambayo hunyesha aghalabu pale ambapo hakuitazamia, ikailowesha ardhi yote, naye hana alilofanya.

Wasomaji wengi hukimbilia mvua. Mchongaji Bernini, aliyemchonga Teresa akiwa amezimia kwa marumaru nyeupe katika kanisa la Santa Maria della Vittoria mjini Roma kati ya miaka 1647 na 1652, amezidisha haraka hiyo, kwani mwenye kuiona sanamu ile hudhani kwamba sala ya mtawa ndiyo hiyo, macho yamefumba na mwili umelegea. Teresa mwenyewe aliona haya sana kila hali hizo zilipomjia mbele ya watu, akaomba aondolewe. Na hakuweka kamwe ukuaji wa roho katika kuzimia.

Aliweka ukuaji huo wapi basi? Jibu limo katika nyumba aliyoijenga. Tarehe 24 Agosti 1562 ilifunguliwa monasteri ndogo ya Mtakatifu Yosefu mjini Ávila, kwa sehemu kwa fedha ambazo kaka yake Lorenzo alizituma kutoka Amerika ya Kusini, ikaanza na wanovisi wanne, na baraza la mji likaenda mahakamani kutaka ifungwe, kwa hoja kwamba mji hauna uwezo wa kulisha watawa zaidi wasio na pato. Humo mambo ambayo mtu angeyaita ya uendeshaji tu yaligeuzwa kuwa vyombo vya sala. Idadi iliwekewa mpaka, watawa 13 mwanzoni, baadaye 21, kwa kuwa katika umati hakuna anayejulikana na mwenzake. Vyeo vya ukoo vilifutwa. Bintiye bwana mkubwa na binti wa fundi wote wakaitwa sista, na mkuu wa nyumba akaandikwa wa kwanza katika zamu ya kufagia. Walivaa ndara za kamba, ndiyo maana Wakarmeli wa tawi hili huitwa Peku. Walisokota sufu kwa ajili ya kujilisha, kila mmoja chumbani mwake, maana Teresa alijua kwamba chumba kimoja cha kazi ni chumba kimoja cha soga. Sala ya moyo ilipewa saa nzima asubuhi na saa nzima jioni. Na baada ya chakula, kitu ambacho wakali wa wakati ule hawakukitarajia, kulikuwa na kipindi cha mazungumzo na kicheko, kazi za mikono zikiwa mapajani; yeye mwenyewe alipiga tari na kuimba siku za sikukuu, akaogopa mtawa mwenye uso wa kununa kuliko alivyoogopa mengi.

Katika nyumba kama hiyo mwalimu hupata nafasi ya kuona. Alieleza habari za mtawa aliyekaa saa nane katika bumbuazi, muungamishi wake na wengine wakidhani amenyakuliwa na Roho. Teresa alitazama mwili ulivyodhoofika kwa kufunga na kukesha, akaagiza alale, ale vizuri, apunguziwe vitubio, na zile hali zikaisha. Mtawa mwingine, mzee, alimjia kwa huzuni akilalamika kwamba hajui sala ya moyo, na kwamba kila akijaribu kuacha maneno, akili yake hutawanyika, hana alichobaki nacho ila Baba Yetu. Teresa akamwuliza jinsi anavyoisali, akamsikiliza, na akagundua kwamba bibi yule, kwa kuisali polepole saa na saa, alikuwa amefikishwa kwenye taamuli miaka mingi pasipo kujua. Kitabu chake kiitwacho Njia ya Ukamilifu, alichowaandikia watawa wa Mtakatifu Yosefu, sehemu yake kubwa ni maelezo ya sala hiyo moja. Na kuna hadithi ya tango, ambayo mimi huipenda kwa sababu haifanani na utakatifu: alimpa mtawa mmoja kijana tango lililooza, akamwambia alipande bustanini, apate kumpima utii, msichana hakuuliza kwa nini, aliuliza tu kama alipande kwa kulisimamisha au kwa kulilaza.

Mizani yake ya kupimia sala, kwa hiyo, haikuwekwa mle mnamosaliwa. Aliwaambia watawa kwamba wakiona mgonjwa anayehitaji nafuu, waiache ladha ya ibada bila majuto wakamhudumie. Na kwamba utii ukiwapeleka jikoni, wajue kuwa Bwana yumo mle katikati ya vyungu. Kitabu chake kingine, Kasri la Ndani, alichokianza Toledo tarehe 2 Juni 1577 na kukimaliza Ávila tarehe 29 Novemba, kinaifananisha roho na kasri la bilauri lenye makao saba, Mfalme akikaa katikati. Makao matatu ya kwanza ni ya juhudi ya mtu, na kuanzia la nne Mungu huchukua usukani zaidi na zaidi. Msomaji anayefika kwenye la saba akitazamia kunyakuliwa hukuta kwamba hali za kuzimia karibu zimetoweka, na mwandishi anadai kazi: muungano na Mungu umewekwa ili yazaliwe matendo, Martha na Maria, wale dada wawili wa Injili, mtendaji na msikilizaji, wakae nyumba moja.

Aliyaandika hayo katika zama zisizowapenda wanawake wenye kufundisha. Mwaka 1559 mkuu wa mahakama ya dini alipiga marufuku vitabu vingi vya sala vilivyoandikwa kwa Kihispania, na watawa wasiojua Kilatini wakabaki mikono mitupu. Kitabu cha maisha yake kilikuwa kimechukuliwa na mahakama hiyohiyo wakati alipokuwa akiandika Kasri. Maandishi yake hayakupigwa chapa kwa pamoja mpaka mwaka 1588, yeye akiwa amekwisha kufa. Naye alifia Alba de Tormes usiku wa tarehe 4 Oktoba 1582, usiku ambao Papa Gregori alikuwa ameuchagua kwa kurekebisha kalenda, hata siku iliyofuata ikahesabiwa kuwa tarehe 15. Mwaka 1970 Papa Paulo VI alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa, mwanamke wa kwanza kupewa hadhi hiyo.

Nisimpite Yohane wa Msalaba, padre kijana aliyekutana naye mwaka 1567 na kuanzisha pamoja naye tawi la wanaume, kisha akafungwa miezi karibu tisa na ndugu wa shirika lake mwenyewe waliopinga mageuzi hayo. Yeye ndiye aliyeeleza vizuri zaidi kwa nini kisima hukauka. Ukavu waweza kutoka katika uvivu, na ukavu waweza kuwa ni Mungu anamwachisha mtu ziwa. Na alama za huo wa pili alizitaja tatu: kwamba mtu haoni ladha katika mambo ya Mungu wala katika kitu kingine chochote cha ulimwengu, kwamba ana wasiwasi wa kuwa hamtumikii Mungu, na kwamba tafakari aliyoizoea haiwezekani tena hata akijitahidi. Mvivu hana wasiwasi. Kwa mtu wa aina ya pili ushauri wa Yohane ni kuacha kulazimisha mawazo na kukaa kimya, ingawa ataona kama anapoteza wakati.

Miaka 300 baadaye, katika Karmeli ya Lisieux huko Ufaransa, alikaa mtawa ambaye karibu maisha yake yote ya utawani yalikuwa ukavu huo. Thérèse aliingia mwaka 1888 akiwa na miaka 15, akafa kwa kifua kikuu mwaka 1897 akiwa na miaka 24, na alikiri bila ya haya kwamba miaka saba mfululizo alisinzia wakati wa sala. Jioni, katika saa ya kimya, alikaa mbele ya sista mwenye tabia ya kutoa mlio mdogo kama wa makombe mawili yanayosuguliwa. Thérèse alitamani kugeuka amkazie macho; alitoa jasho kwa kujizuia; hatimaye, kwa kuwa hakuweza kutousikia, aliamua ausikilize kwa makini kana kwamba ni muziki, akamtolea Mungu muziki huo ukawa ndio sala yake ya jioni. Penye kufulia, sista mwingine alikuwa akimrushia maji machafu usoni kila alipoinua vitambaa, naye akazuia mkono usijipanguse, akasogea karibu.

Mtawa huyo, ambaye hakutoka ndani ya ugo tangu alipoingia, ndiye ambaye Papa Pius XI alimweka mwaka 1927 kuwa msimamizi wa misioni zote ulimwenguni, sawa na Fransisko Ksaveri, yule padre msafiri aliyepita Malindi mwaka 1542 akielekea Bara Hindi. Picha ya Thérèse, mwenye msalaba na mawaridi mikononi, imo katika makanisa mengi ya nchi zetu, na waumini humwomba mvua, watoto na kufaulu mitihani. Habari za makombe na maji ya kufulia aliziandika mwezi Juni mwaka 1897, kwa amri ya mkuu wake, akiwa anakohoa damu, miezi mitatu kabla ya kufa.